Ng'ambo

Naandika amri: jaribu zote.
Nabonyeza. Feni ya ndani yavuta pumzi,
kisha zaanza nukta,
moja, moja, mara kumi, mara mvua.
Kila nukta ni programu ndogo iliyopita
mlangoni pa kompaila bila kuzuiwa.

Ziko elfu mbili mia tatu na kumi na saba.
Dakika arubaini, stima ikikubali.
Mita ya ukutani yasema yuniti tatu nukta mbili
na taa yake nyekundu ishaanza kupepesa.
Hapa Kibokoni, ghorofa ya pili,
joto la Machi halishuki hata baada ya isha;
laptopu nimeiweka juu ya sinia la bati,
vifuniko vinne vya soda chini yake,
ipumue.

Twalib, mwana wa kakangu, kaja na viazi karai,
karatasi imelowa ukwaju.
"Shangazi, hizo nukta ni za nini?"
Namwambia, ni kama chuoni.
Wasoma, maalimu kafumba macho,
wadhani kalala.
Ukikosea irabu moja agonga meza,
warudi mwanzo wa sura.
"Na hii haigongi?"

Yagonga.
Safu yakatika, yaingia K nyekundu,
K ya kosa.
Jaribio la elfu moja mia nne na nane.
Jana hilo hilo. Tangu Rajabu hilo hilo.

Lali aliliandika kabla hajaondoka,
mstari mmoja tu: acha ng'ambo iwe saba.
Na chini yake, maelezo:
Msilifute. Lina haki yake.

Kompaila yetu husoma n, husoma g,
ikifika kwenye ritifaa
hudhani mtu kafungua kinywa.
Hutega sikio.
Humeza ambo, humeza iwe saba,
humeza na wasia wa Lali,
ikafika mwisho wa faili ingali yangoja
alama ya kufunga.
Kosa: maneno yamefunguliwa, hayakufungwa.

Njia ya mkato ipo. Jaribu zote, ruka ng'ambo,
na skrini nzima ingekuwa kijani,
na mkubwa wangu kule Ganjoni angelala.
Nimeruka mara mbili. Sikumwambia mtu.

Lali naye alivuka. Si feri ya Likoni,
ni kule kwingine,
kwa pasipoti na koti la kuazima.
Ujumbe wake wa mwisho ninao:
"Nikifika n'takwambia j"
na hiyo j imesimama peke yake
mwaka wa pili sasa.
Sijui ni jambo, au jina, au jioni.

Leo nimefungua faili inayosoma herufi.
Nimeongeza kanuni moja:
ukikuta n, ukikuta g, kisha ritifaa,
na nyuma yake irabu,
usingoje mtu aseme.
Hiyo ni sauti moja. Tumezaliwa nayo.
Ng'oa. Ng'ara. King'ora.

Yuniti moja na nusu. Naendesha lile moja tu:
jaribu ng'ambo.

Nukta.

Twalib apiga makofi, ukwaju waruka hadi kwenye skrini.
Bado, namwambia. Zote, toka mwanzo.
Mia nane. Elfu moja.
Elfu moja mia nne na nane lapita kimya
kama mgeni aliyekwishapajua nyumbani.
Elfu mbili na kumi: K.
K tena.
K.
Matatu mapya, asubuhi yalikuwa mazima.

Mita yalia mara ya mwisho, chumba chazima,
feni ya dari yazunguka kwa mazoea, kisha yaacha.
Betri yashika. Twalib atafuta viatu gizani.
Nafungua la kwanza kati ya yale matatu.
Ni langu mimi, la mwaka juzi.
Halina hata neno moja la maelezo.